Salamu ya Kidole Kimoja

Kila jioni, akishawalisha mbwa na kuwafungia kuku, Nola Trevaskis alichukua kikombe chake cha chai akaenda nacho hadi kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba, akaegemea bati lililokuwa bado na joto la mchana, akangoja. Hakuwa akingoja sana. Nyanda za Monaro, kusini-mashariki mwa Australia, hazina miti ya kuziba mbingu, na nyota za mwanzo zikishachomoza, hutokea ile isiyotulia, ikakata anga polepole kama mtu anayevuka malisho bila haraka. Hapo Nola aliinua kidole cha shahada kutoka kwenye kikombe. Hakupunga mkono wala hakusema neno. Aliinua kidole kimoja tu, kama wanavyofanya madereva wa kule wanapopishana barabarani, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Setilaiti ikapita. Nola akamaliza chai, akamwaga makapi kwenye mnanaa, akaingia ndani kupika.

Imogen, binti wa kaka yake, aliliona jambo hilo jioni ya kwanza kabisa alipofika, na swali likamkaa mdomoni tangu siku hiyo. Lakini Imogen alikuwa mtu wa kulipika swali mpaka likaungua. Alipokuwa tayari kuliuliza, mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuhamia kwenye minyoo ya kondoo au bei ya nyasi kavu. Alikuwa amemaliza masomo yake ya chuo kikuu Sydney, hajui la kufanya baadaye, na shangazi yake alikuwa mtu pekee katika ukoo asiyemwuliza. Alikuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, akisema atakaa hadi baridi iishe. Nola aliyanyanyua masanduku ya vitabu, akayashusha, akasema, "Haya ndiyo mazuri. Kuni zikiisha tutayakumbuka."

Nola alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mnyoaji wa kondoo, umri wake unakaribia sabini, hajaolewa na hakuonekana kujuta. Baba yake alifuga kondoo wa sufu laini, naye akaendelea kuwazalisha wao kwa wao maisha yake yote, akiwachagua kwa vidole. Alifumba macho, akapanua sufu begani mwa mnyama, akasikiliza kwa ncha za vidole kama kipofu anayesoma. Sufu yake ilikwenda Italia kushonwa suti za watu ambao hangewaona maishani. Kila mwaka, kabla ya mauzo, wakala wake, Fergus, alimpigia simu na kumwuliza swali lile lile: je, kuna kondoo wa nywele waliochanganyika na wako? Nola alijibu hakuna, na Fergus aliandika hakuna, na hapakuwa na mtu aliyewahi kwenda kuhakikisha. Neno lake lilitosha.

Kisa cha swali hilo ni kwamba kuna kondoo wasioota sufu bali nywele, wanaofugwa kwa nyama. Unywele mmoja wao ukijipenyeza kwenye sufu laini haukubali rangi. Utabaki mweupe kwenye suti nyeusi ya bwana harusi fulani, na atakayeuchomoa atafuata njia mpaka ajue umetoka kwa nani.

Na kondoo wa nywele walikuwa jirani. Walikuwa wa Clem Haig.

Barabara ya vumbi inayotoka kwenye lami huko chini inapita lango la Clem, inapanda kilima, na kuishia kwenye lango la Nola. Haiendi kwingine. Hata sanduku la barua liko kule chini kwenye lami. Zamani Clem naye alifuga wa sufu, na majirani hao wawili walikuwa wakikopeshana kila kitu isipokuwa mbwa. Kisha wanyoaji wakawa adimu, mke wa Clem akafariki, na mwaka mmoja Nola alikutana na lori barabarani limejaa kondoo wenye vichwa vyeusi na miili ya nywele, likiingia lango la Clem. Ndivyo alivyopata habari. Tangu hapo hawakupikika chungu kimoja. Walipopishana, Nola alikaza mikono kwenye usukani na kutazama mbele kama anayeendesha juu ya daraja la kamba. Mwaka wa kwanza Clem aliendelea kuinua kidole. Baadaye naye akaacha. Miaka minane ilikuwa imepita hivyo.

"Kondoo wake si neno," Nola alimwambia Imogen mara moja tu, akimenya viazi. "Mtu hufuga anachoweza. Lakini angeniambia. Nyumba ni mbili tu kwenye barabara hii, halafu niambiwe na lori?"

Asubuhi moja ya sakitu, majani yakiwa meupe kama yaliyonyunyiziwa unga, walikuwa mezani wakila uji wa shayiri. Mshindo ukapiga mara mbili juu kabisa, vioo vya madirisha vikatetemeka, na mbwa wote wakaingia chini ya nyumba. Nola alisema Clem anapasua mawe. Lakini Imogen alipokwenda kuwatazama mitamba wa kondoo kwenye malisho ya mpakani, alikikuta kitu kimesimama.

Kilikuwa kirefu kama mlango na chenye upana wa mlango, cheusi, kingo zake zimeliwa na moto kama mkate uliosahauliwa jikoni. Palipobanduka palionekana ndani yake vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Boliti moja tu ilikuwa haijaungua, iking'aa. Kilikuwa kimejichomeka ardhini wima, na mahali kilipojichomeka ni pale pale ilipokuwa nguzo ya kati ya ua wa mpakani. Nguzo yenyewe ilikuwa imelala vipande viwili, na seng'enge zimejikunja huku na huku.

Ua wa mpakani una desturi yake kule. Majirani wawili husimama katikati, wakatazamana juu ya waya, kila mmoja akachukua nusu iliyo mkono wake wa kulia, na hiyo ndiyo ataitengeneza hadi kufa kwake, na mwanawe baada yake. Baba wa Nola na baba wa Clem walitazamana hivyo siku moja, na pale waliposimama wakachimbia nguzo. Kulia kwa nguzo ni kwa huyu, kushoto kwake ni kwa yule. Nguzo yenyewe hapakuwa na aliyesema ni ya nani. Haikuwahi kuanguka.

Polisi waliarifiwa, nao wakaiarifu ofisi ya mambo ya anga katika mji mkuu. Mwanamke mmoja wa ofisi hiyo akapiga simu, mpole sana, akaomba kisiguswe. Kwa sheria, alisema, kitu kinachoanguka kutoka angani ni mali ya nchi iliyokirusha, hata kikiangukia kitandani mwako. Wangekuja kukichukua nchi hiyo ikishajibu barua. Kwa hiyo kikakaa. Clem alitengeneza nusu yake asubuhi, Nola akatengeneza yake alasiri baada ya pikapu ya Clem kuondoka, na kila mmoja alisimamisha kigingi chake upana wa kiganja kutoka kwenye kile kitu. Katikati ya vigingi viwili kikasimama chenyewe, kimeziba pengo barabara, kama mlango usio na nyumba. Upande huu mitamba wa Nola, ambao hawajawahi kupandwa, walikuja kukinusa. Upande ule madume wa Clem wenye vichwa vyeusi walikuja kukinusa. Wiki zikaenda. Ilikuwa nguzo nzuri kuliko ile ya zamani.

Duka la vyakula vya mifugo huko mjini Cooma halikumwacha Nola apumue. Habari ya kidole chake ilijulikana wilaya nzima. Mwenye duka alimfungia gunia la chumvi akamwuliza kama mgeni anakunywa chai na maziwa au bila. "Umeviinulia kidole miaka yote hiyo," alisema, "kimoja kimedhani unakiita."

"Kimekuja kwa adabu kuliko wewe," Nola akamjibu. "Hakijaniuliza upuuzi."

Jioni hiyo kwenye tangi, Imogen alijikuta akisema. Si swali. Alikuwa amesoma juu ya mambo hayo wiki nzima, akamwambia shangazi yake kwamba vingi vya vile vinavyopita juu vimekwisha kufa: setilaiti zilizoishiwa nguvu, matangi ya roketi, vifuniko, boliti, hata vipande vya rangi, vyote vinazunguka dunia na kuzunguka tena kwa sababu hakuna cha kuvisimamisha. Kinachomemeta na kuzima, akaeleza, mara nyingi ni mzoga unaojigeuza. Baada ya miaka hewa huvivuta chini kidogo kidogo, vikaungua. Mara chache kipande hufika.

Nola alisikiliza hadi mwisho. Kimoja kikatokea upande wa milima ya theluji, kikimemeta na kuzima.

"Huyo basi ni marehemu," alisema.

"Nadhani."

Nola akainua kidole.

Watu wa ofisi ya anga walikuja na lori lenye winchi, siku yenye upepo wa kukata masikio. Yule mwanamke mpole alikuwa amevaa viatu visivyofaa, naye akavicheka mwenyewe kabla hawajavicheka wengine. Clem alikuwa amesimama upande wake wa ua, mrefu, mikono kifuani, kofia imeshushwa hadi nyusi. Nola alisimama upande wake. Kila mmoja alizungumza na wageni na hakuna aliyezungumza na mwenzake. Mwanamke akawaeleza kwamba ni kipande cha chombo kilichopeleka watu juu, kikaachwa huko kizunguke chenyewe mpaka kishuke, na kilizunguka miezi kadhaa.

"Kilikuwa kinapita juu ya hapa?" Nola aliuliza.

"Mara nyingi, mama. Jioni nyingine ungeweza hata kukiona."

Nola akakitazama kikifungwa mikanda na kung'olewa ardhini kama jino. "Basi tunajuana," alisema. Imogen aliona mdomo wa Clem ukicheza kidogo chini ya kofia.

Kilipokwisha kupakiwa, pengo lilibaki. Mwanamke alilitazama, akauliza kwa upole nani ataliziba, maana wao wanaweza kuomba ofisi ilipie nguzo.

"Nguzo ile aliichimbia baba wa huyu," alisema Nola, akitazama kilima.

"Na waya aliufunga baba wa huyu," alisema Clem, akitazama kilima kingine.

Mwanamke akawatazama wote wawili, akatabasamu, akadhani wameelewana. Lori likaondoka. Njiani kurudi nyumbani Imogen alifungua mdomo kuhusu lile pengo, na shangazi yake akamjibu kabla hajafika kwenye kitenzi: Clem ataziba, madume ni yake. Kule ng'ambo ya kilima, bila shaka, Clem alikuwa akiliambia jiko lake kwamba Nola ataziba, sufu ni yake.

Siku ya tatu asubuhi pikapu ya Clem Haig ilipanda kilima na kuingia kwenye ua wa Nola. Mbwa walibweka kwanza kisha wakanyamaza, hawajui la kufanya na gari wasilolijua. Clem alizima injini lakini hakushuka. Kule mtu hashuki garini mpaka aambiwe ashuke. Alivua kofia akaiweka kwenye magoti, na Imogen, aliyekuwa akianika nguo, akaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na upara.

Nola alitoka jikoni na unga mikononi. Alikwenda hadi dirishani mwa gari akasimama.

"Dume mmoja aliingia kwako," alisema Clem. "Usiku ule walipokiondoa kile kitu. Yule mkubwa."

Nola aliweka mkono wenye unga kwenye mlango wa gari.

"Alikuwa na mitamba wako kutoka saa ya chakula hadi karibu na mapambazuko. Nikamtoa. Pengo nimeliziba kwa muda, nimeliziba lote."

"Umejuaje ni kutoka saa ya chakula?"

Clem akagusa sikio lake. Madume wake walivaa hereni, alieleza, si zile za namba tu bali zile mpya zenye kioo cha umeme wa jua. Hereni inaiambia setilaiti dume yuko wapi, setilaiti inaiambia simu yake. "Nilikuwa nakula. Nikaona kwenye simu kadoti kake kamo kwako. Nikajisemea, huyo yuko kwenye ua tu, ananusa. Nikamalizia nyama yangu, nikalala. Nilipoamka kwenda chooni kadoti kalikuwa katikati ya malisho yako."

Nguo iliyolowa ilikuwa ikimtiririkia Imogen kwenye viatu na hakujali. Alijua ni mitamba gani hao. Ndio waliokuwa bora kuliko wote tangu shangazi yake aanze kufuga. Alikuwa akiwapitishia vidole kila Jumapili, akifumba macho, akitoka pale na uso wa mtu aliyepokea habari njema. Sufu yao ilikuwa ikingojewa Italia.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema Nola.

"Ungejua. Wangezaa vichwa vyeusi."

"Baada ya miezi mitano. Sufu ingekuwa imenyolewa na kuuzwa. Ningekuwa nimemwambia Fergus hakuna."

"Ndiyo," alisema Clem. "Hilo ndilo lililonikosesha usingizi usiku wa pili." Aligeuza kofia juu ya magoti. "Mara ile ya kwanza sikuja. Mke wangu alikuwa amezikwa juzi, sikuwa na mdomo. Nikaona lori litasema. Sasa nimekuja."

Upepo ulivuma, ukapeperusha unga kidogo kutoka mikononi mwa Nola. Alijifuta kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Shuka basi," alisema. "Skonzi ziko kwenye oveni. Zikiungua itakuwa kosa lako la pili."

Walikaa mezani watatu. Clem alikula kama mtu aliye kanisani. Nola hakugusa chake. Alivuta simu, akampigia Fergus hapo hapo, mbele yao, akamwambia mwaka huu asimwulize, anamwambia mwenyewe: mitamba wa malisho ya mpakani walilala na dume wa nywele, sufu yao ifungwe peke yake na iandikwe hivyo, iuzwe kwa atakayeitaka hivyo. Sauti ya Fergus ilisikika hadi kwa Imogen. Alikuwa akimsihi. Usiku mmoja, alisema, ni nini usiku mmoja? Huenda hakuna hata unywele. Na nani anajua?

Nola alimtazama Clem aliyekuwa na siagi kwenye kidevu.

"Watu watatu," alisema, "na setilaiti moja. Andika, Fergus."

Alipoweka simu chini, vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya meza, vikisugua kidole gumba, kama vinavyopapasa sufu isiyokuwapo. Clem alisema yeye atalipa tofauti ya bei. Nola akasema hataki fedha yake, anataka nguzo.

Waliichimbia wiki hiyo hiyo. Clem alileta mti wa gogo zima, Nola akaleta sururu ya baba yake, na asubuhi nzima walibishana juu ya kina cha shimo, kila mmoja akisema ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya. Chini kabisa ya shimo Imogen aliokota kipande cheusi chenye vijumba vya sega, kisichozidi kucha. Alikionyesha. Kwa sheria kilikuwa mali ya nchi fulani. Nola alikitazama, akatazama shimo, akamwambia akirudishe kilipokuwa, kishikilie nguzo. Clem akamwaga udongo juu yake. Hapo ndipo ilipoamuliwa, bila mtu kusema, kwamba nguzo ni ya wote.

Mitamba walinyolewa mwisho wa baridi. Sufu yao ilikuwa nzuri ajabu, nyeupe, laini kama pumzi, na ikaandikwa kama ilivyotakiwa kuandikwa, ikauzwa pamoja na sufu ya mazulia. Iliyobaki ilikwenda Italia kama kawaida. Nola alisimama kwenye banda akitazama marobota yale yakipakiwa, mkono mmoja juu ya la mwisho, kisha akautoa.

Siku Nola na Imogen waliporudi kutoka Cooma kuyasindikiza, jua lilikuwa limeinama. Walipokata kutoka kwenye lami kuingia kwenye vumbi, pikapu ya Clem ilikuwa ikishuka. Imogen aliitazama mikono ya shangazi yake. Ilikuwa imelegea juu ya usukani. Magari yalipokaribiana, kidole cha shahada kikainuka, bila haraka, kikakaa hewani kidogo, kikashuka. Ng'ambo ya kioo Clem aliinua viwili, labda kwa mshangao.

Wakafika nyumbani. Mbwa walilishwa, kuku wakafungiwa. Nola akachukua chai yake akaenda kwenye tangi, na Imogen akamfuata na yake. Setilaiti moja ikatokea upande wa kusini, yenye nuru tulivu isiyomemeta, ikipanda juu ya banda. Nola akainua kidole kama kawaida.

Na Imogen, ambaye kesho yake alikuwa anapanda basi kurudi mjini, akaliuliza lile swali lake moja kabla halijaungua: "Shangazi, hivi unavisalimia kwa nini?"

Nola alikifuata kile kitu kwa macho hadi kikaingia kwenye kivuli cha dunia na kuzimika.

"Barabara hii ina magari mawili tu, mwanangu," alisema, "na moja ni langu. Ilinibidi nimsalimie mtu."